Si Hapo, Hapo ni pa Kisimba

Umekuja na jezi bado ina mikunjo ya dukani,
bei yake inaning'inia shingoni,
na unaniuliza mlango wa uwanja uko wapi.
Hakuna mlango, kijana. Kuna tundu ukutani
nyuma ya kinu cha mahindi cha Mama Kapya.
Inama. Shika tofali la pili, usishike la tatu,
la tatu linang'oka,
linang'oka tangu mwaka ule tuliposhuka daraja.

Keti hapa.
Si hapo, hapo ni pa Kisimba, fundi baiskeli.
Tulimzika Machi.
Tumepatana pasikaliwe hadi msimu uishe.

Sasa mtazame namba tatu, yule wa kushoto.
Utasema ni mzito. Kila mtu anasema.
Usiku kucha amepakia magunia kwenye lori la Kasumbalesa,
saa kumi na moja alfajiri akala bukari ya jana, akalala kidogo, akaja.
Ndiyo maana ikifika dakika ya sitini
mimi sitazami mpira, natazama magoti yake.
Yakianza kufunguka kwa nje
najua bao litapita wapi,
nimekwisha kupiga kelele: Mwape, mfunike mwenzio!
Kocha hasikii. Kocha alikuja juzi, ana filimbi mpya.

Kombe? Tulichukua, mara moja.
Nilikuwa na mimba ya Ngosa,
mvua ya Desemba imeufuta ule mlima mweusi wa taka za shaba,
hata bomba la moshi halionekani,
na golini yuko Kaumba, mikono kama majembe.
Kombe lenyewe lilikuwa la bati.
Siku hizi katibu anatunzia misumari.
Cheka tu. Hata mimi nilicheka,
kisha nikalia jikoni kwangu, mwiko mkononi, unga unaungua.

Na ya aibu nayajua pia.
Ile penaliti iliyotuokoa dhidi ya watu wa Ruashi
haikuwa penaliti. Nilikuwa hatua tano.
Musonda alijiangusha mwenyewe
kama gunia la makala baiskeli ikipasuka tairi,
na arbitri alikuwa anafuta jasho.
Nikasema. Wenzangu wakaninunia wiki mbili,
vitumbua vyangu vikalala kwenye beseni.
Nikasema tena.
Wewe ukimpenda mtu na umefumba jicho moja,
nani atamwambia ana kamasi?

Majirani zangu wana timu zao za ng'ambo, za kwenye televisheni.
Siwacheki. Ila umeme ukikatika
na mapenzi yanakatika, mpaka urudi,
wanaulizana barabarani nani kafunga.
Mimi nani kafunga naijua kwa mguu gani,
na mama yake anauza nini sokoni Kenya,
na kwa nini Jumapili ile, baada ya matanga,
alipiga juu.

Wiki iliyopita tulifungwa sita.
Sita, kijana. La saba likagonga mwamba.
Tulikuwa kumi na mmoja hapa ukutani,
niliwahesabu, sawasawa na wale wa uwanjani,
tukasimama wote
tukaupigia mwamba makofi.
Mzee Kabange akavua kofia.
Wapinzani walidhani tumerukwa na akili,
labda ndivyo. Nilitembea hadi Katuba kwa miguu
nikiipanga upya safu ya kati kichwani,
nikamtoa Musonda, nikamrudisha,
mvungu wa mijakaranda yote ukiwa zambarau
na mimi sikuuona, nimeambiwa na binti yangu.

Haya, wanaingia.
Namba tatu amefunga kiatu kwa waya, unaona?
Na hilo vumbi jekundu kwenye jezi yako,
usilipanguse, unalizamisha tu.
Kata hiyo bei.
Shika vitumbua viwili, utalipa tukisawazisha.

Nyamaza sasa.
Dakika ya sitini nitakuuliza umeona nini.