Daftari la Maneno ya Siri

Duka langu lipo Barabara ya Nane, Ngamiani:
kompyuta moja, printa yenye pumu,
feni inayopeperusha karatasi na kuwaachia watu jasho lao.
Matokeo yakitoka, mlango haufungiki.

Nauliza kila mmoja: kidato cha tano? ufundi? uuguzi? ualimu?
Wanatazama dari, kana kwamba jibu limebandikwa kule.
Mfumo nao hauna subira, unadai neno la siri,
na mimi nalinakili kwenye kaunta buku,
maana Machi watarudi, wamelisahau, wanalia.

Semkiwa wa Maramba ana daraja la pili.
Baba yake anataka umeme wa majumbani,
"miaka miwili tu, ale cha mkono wake."
Wanabishana Kisambaa ili nisielewe.
Bibi yangu ni wa Mlalo; naelewa hadi matusi.
Baba akashinda. Nikajaza: umeme.
Neno la siri kijana alilibonyeza mwenyewe:
daktari2041.

Mwanakheri wa Pangani kapata chuo kikuu, mkopo nusu.
Hiyo nusu nyingine hakuitaja.
Akaandika minazi14,
na mama yake, pembeni, akageuza uso akatazama barabara.

Ukurasa wa kwanza ni wangu. Ualimu, Korogwe.
Nilipangiwa. Nauli na godoro ndivyo havikupangwa.
Neno langu silisomi tena, ingawa wino haujafifia.

Mwisho wa foleni, siku ile ya joto, akaingia Shekalaghe,
mlinzi wa ghala la mkonge, miaka arobaini na mitatu,
aliyeishia la saba.
Anataka mtihani, ule wa watahiniwa wa kujitegemea.
Akaishika mausi kama kifaranga.
"Neno la siri," nikamwambia.
"Siri kwa nani?"
"Kwa watu wote."
"Basi na wewe geuka."

Nikageuka, nikahesabu vitambaa vya fundi wa jirani.
Alibonyeza kwa kidole kimoja,
polepole, kama mtu anayefukia mbegu.

Mstari wake daftarini ni mtupu.
Machi imefika; wenziwe wanarudi, wamesahau, wanalia.
Yeye hupita na baiskeli alfajiri, akitoka lindoni,
hasimami, hasalimu,
midomo inamcheza.