Koti la Kongowea

Koti limelala juu ya waya wa roshani,
mikono yaning'inia kama ya mlevi,
ladondosha maji ya Vuria juu ya Majengo.
Bi Mwanamkuu wa chini ameshapiga kelele mara mbili:
"Nani huyo aanika mvua?"

Nililinunua Kongowea, Jumatano, shilingi mia nne,
baada ya kukataa mia sita na kujifanya naondoka.
Muuzaji alicheka: "Dada, na Julai hii ya Mombasa,
waenda kuolewa na friji?"
Mfukoni nilikuta tiketi ya mtu, imefifia,
na kifungo kisicho cha koti lile.
Sikukitupa.

Wiki tatu nilipanda ngazi za ofisini,
ghorofa tisa, na lifti ni nzima.
Karisa mlinzi aliniandika katika daftari la wageni:
Jina: yule yule.
Anakokwenda: juu.
Sababu:
aliacha wazi.

"Milima haikutani," nilimwambia mama,
"ndiyo maana yataka mtu aifuate."
"Na baridi nayo hufuatwa?
Baridi yaja yenyewe, mwanangu, uzeeni."
Akanifungia mahamri kumi na mawili
na mafuta ya mgando, kopo zima.

Ijumaa treni ikatutema Voi.
Jumamosi alfajiri, juu ya Wundanyi,
tulivaa kila tulichonacho:
Swaleh soksi juu ya soksi, kanzu ndani ya suruali,
Nargis baibui juu ya jaketi juu ya baibui.
Tulikuwa kama vyombo vinavyohama nyumba.
Mghoi, mwenyeji wetu, alikuja na ndara na mwavuli.

Ukungu ulianza kutumeza magotini.
Nikaiona pumzi yangu.
Miaka thelathini na mmoja naitumia,
sikuwahi kuijua sura.

Karibu na kilele vidole vikafa ganzi,
na hapo, pasipo taarifa, akaja baba.

Miaka ishirini alibeba barafu Liwatoni,
pande zima begani, gunia katikati,
kabla samaki hawajaanza kunuka.
Alirudi saa saba, mji mzima watoka jasho,
na viganja vyake vimeleta msimu mwingine.
Tukishikwa na homa hatukuwekewa kitambaa,
tuliwekewa mkono wa baba.
Nilidhani alizaliwa hivyo,
kama wengine wanavyozaliwa na mwanya.
Sikuuliza kama vinauma.

Vinauma, baba.

Mghoi alivichukua vidole vyangu
akavibana kwapani mwake, hakuomba ruhusa,
akaendelea kulalamikia bei ya kabichi.

Kileleni hatukuona kitu.
Tuliahidiwa Kilimanjaro mkono huu
na nyika yote mkono ule;
tulipewa minara ya simu na weupe.
Swaleh aliupiga picha ule weupe, akautuma nyumbani:
"Tumefika."
Dada yake akajibu: "Wapi?"

Tukala mahamri yaliyogeuka mawe.
Nargis alilia kidogo, akasema ni upepo,
nasi tukakubali kuwa ni upepo.

Jumapili, Miritini, mlango wa treni ulipofunguka,
joto lilinikumbatia kama shangazi wa harusini,
lote jasho na udi, halitaki kuniachia.

Mama alifungua mlango.
Nilikuwa nimepakata koti bichi safari nzima.
Alinishika mkono, akauacha upesi
kama mtu aliyegusa kitu kisicho chake,
kisha akaushika tena,
kwa viganja viwili, kwa muda mrefu,
akiutazama, si mimi.
Halafu akaenda kuchemsha maji.

Na sasa Bi Mwanamkuu apiga kelele mara ya tatu.
Natoka kuliondoa koti;
mama amenitangulia roshanini,
amelinyoosha mkono mmoja uliojikunja,
ainamia chini, ajibu polepole:
"Kinga ndoo."