Nchi Haimo Kwenye Orodha

Dirisha namba nne, ofisi ya mafao, Ilala.
Kijana anashusha orodha kwa kidole:
"Mama Anyisile, nchi uliyosomea haimo."
Cheti kimelala mezani, mhuri wa nyundo na bikari,
uuguzi, Leipzig, mwaka themanini na mbili.

"Weka Ujerumani."
"Ipi?"
Hajui amechokoza nini.

Babu alizaliwa Ujerumani
bila kuvuka hata Mto Ruvu.
Kijerumani alijua kuhesabu tu,
akikomea hamsa ishirini,
kwa sababu kiboko nacho kilikomea hapo.

Heike, niliyelala naye chumba kimoja,
aliniandikia ukuta ulipokwisha kubomoka:
"Mtaa ni uleule, tramu ileile,
mgeni ni mimi."
Sikumjibu upesi.
Nilikuwa nimeshika cheti changu cha kuzaliwa,
nasoma, narudia kusoma:
Tanganyika.

"Mama, nimeweka Ujerumani. Moja tu ndiyo iliyopo."
Feni inapepea karatasi,
nyundo inainuka kidogo, inalala tena.
"Sahihi hapa."

Natia sahihi. Jina, angalau,
bado ni lilelile.