Mwafu wa Uani

Niliuchimba kwa ncha ya panga
huko maweni, nje kidogo ya Micheweni,
pahala jiwe na mzizi hugombea tone moja la maji.
Nikaufunga kwa kipande cha kanga kilicholowa,
nikaupakata hadi Konde kama kitoto cha siku saba.

Faki akautazama. "Gugu hili?
Wenzio wanapanda asumini, miche ya kununua,
wewe watuletea mwitu mlangoni."
Sikumjibu.
Nilimwaga maji ya kuoshea mchele pale penye ukuta,
nikasimamisha chaga za kitanda cha marehemu mama,
nikazifunga kwa mshipi wa kuvulia uliokatika.

Mwaka wa kwanza, majani.
Mbuzi akala.
Mwaka wa pili, majani, matatu matatu kila kikonyo,
kijani cha ukaidi.
Vuli ikapita. Masika yakamwaga hadi vyura wakaingia jikoni,
nami kila alfajiri nafunua majani, nachungulia,
kama mtu aliyepoteza sindano.

Kumbe ulikuwa na safari yake.
Ulizipanda chaga, ukafika ukingoni,
ukauacha uwanja wangu wote
ukajimwaga ng'ambo ya ukuta, kwa Bikombo.
Mimi na yeye, tangu ugomvi wa mpira wa maji,
hatuulizani hali ila misibani.

Huko ndiko ulikochanua.
Baada ya Isha harufu ikarudi kwetu kwa juu ya ukuta,
nyembamba, kama mtu abishaye hodi kwa ukucha.
Mizizi kwangu, maua kwake!
Nikacheka peke yangu, halafu nikanuna, halafu nikalala.

Asubuhi akaja mwanawe Mkasi na sahani,
maafu tele, meupe, yana umande bado,
yamefunikwa jani la mgomba.
"Mama kasema ni yako."
Maneno manne, baada ya mwaka na miezi.

Sahani ya jirani hairudi tupu,
hilo nalijua hata nikiwa na hasira.
Nikatia mkate wa kumimina, vipande vitatu.
Nikaongeza cha nne.

Jana Faki kaleta mti wa mkoko ulionyooka,
kauegemeza ukutani bila ya neno.
Mwafu haujaujali.
Kitawi kimoja tu kimegeuka, kinataka kurudi kwangu;
nimekishika polepole, nikakielekeza tena kwake.

Mpira wa maji bado hatujauzungumza.