Karani wa Mizani

Siku ile nilifunga daftari saa kumi kasoro robo.
Niliwaambia watu: mvua inakuja.
Mvua ilikuja kweli, ila usiku,
Kitangari yote imeshalala.
Kilichonifungisha ni kiatu,
kiatu kipya cha mnadani,
kinabana kidole cha mwisho, mguu wa kushoto.

Mzee Nampembe alikuwa wa kumi na tisa kwenye foleni,
magunia mawili ya korosho juu ya baiskeli,
ameyasukuma toka Mnyambe tangu alfajiri.
Hakubisha. Aliyafunika turubai
akayalalia kama kuku mayai.

Asubuhi nikampimia: kilo mia moja sitini na mbili.
Mzigo wa jana uliwahi mnada wa kwanza.
Wake ukaangukia wa pili,
na huo wa pili, hakuna ajuaye kwa nini,
bei ilipanda shilingi mia nne na themanini.

Ziada yake: elfu sabini na saba, mia saba na sitini.
Nimeipiga hesabu hiyo mara nyingi kuliko yeye.
Pikipiki aliyoitaka mwanawe, Bakiri,
ilikuwa imepungukiwa elfu sabini.

Mwezi wa pili. Mteremko wa Newala, kona ya tatu,
mchanga uliosombwa na mvua,
mbuzi mmoja, au hapakuwa na mbuzi;
walioshuhudia wanataja mbuzi wa rangi mbili tofauti.

Matangani mzee alisema, Imeandikwa.
Mkeka mzima ukaitikia, imeandikwa.
Mimi nikautazama mkono wangu.
Una wino usiotoka kwa sabuni wala kwa limau.

Ajali.
Wazee walilitumia neno hili
kwa siku aliyopangiwa mtu, haisogei mbele wala nyuma.
Sisi tunalitumia kwa jambo ambalo hakulipanga yeyote.
Neno ni lile lile. Lilivuka lini, nani alilivusha?
Labda halijavuka,
limesimama katikati, mguu huku mguu kule,
nalo kiatu kinalibana.

Nimejaribu kumgawia kila mmoja fungu lake.
Mnunuzi aliyepandisha bei, hajui Mnyambe iko wapi.
Mvua, ilikuwa inapita tu.
Bakiri mwenyewe, alizoea kuzima injini mteremkoni
ili aokoe mafuta. Alizima kwa mkono wake!
Hapo nasimama mchana kutwa.
Usiku hapanishikilii.

Mizani ya chama inajua gunia.
Pandisha juu yake mbuzi asiye na uhakika,
mvua, robo saa, kidole cha mguu,
sindano inatetemeka tu,
na ukivishusha vyote hairudi sifuri.

Msimu huu amekuja tena. Gunia moja,
saa kumi na dakika tano.
Daftari nimeshafunga, mlinzi anatafuta kufuli.
Akasema, Basi, mwanangu, kesho.

Kesho.
Nikafungua.
Nampembe, kilo themanini na moja, nikaandika,
kalamu ikagoma, nikaandika tena.
Alinishukuru sana, kupita kiasi cha gunia moja.
Kisha akapanda baiskeli,
nyepesi sasa, inakwenda kasi kuliko alivyoizoea,
nami nikabaki dirishani, miguu mitupu,
nasikiliza breki zake.