Fundo la Tatu

Mke wangu amerudi kutoka Seme na kamba ya katani
yenye mafundo matatu.
Ameilaza juu ya meza yangu ya kazi, Kibuye,
kati ya brashi ya waya na vipande vya rodi,
akasema: Pima hapo.

Maana mimi ni mkwe.
Miaka kumi na tisa nanywa uji wa mama yake
kwenye kiti kilicho karibu na mlango,
nikiisoma kalenda ya kanisa hadi Desemba,
macho yasivuke pazia.
Nyuma ya pazia ndiko alikoanguka.

Ilikuwa Aprili, mvua ya usiku,
na sakafu ile nyekundu ya Mama Philgona
hupakwa nta kila Jumamosi
mpaka kuku akijiona ndani yake hushtuka.
Alishuka kitandani kutafuta kopo.
Kigunia cha kupangusia miguu kikakimbia naye.
Alilala pale tangu jogoo wa kwanza
hadi mtoto wa jirani alipoleta maziwa.
Alikuwa amejifunika leso,
aliyoivuta kitini kwa vidole vya mguu.

Nyonga haikuvunjika. Majirani wakasema Mungu ni mkubwa,
nami nikasema amina,
lakini Mungu hakukiondoa kile kigunia.
Alikiondoa Akeyo, akakichoma nyuma ya jiko,
na mama akanuna siku mbili.

Kisha vita vya nta.
"Nyumba ya Philgona isiyong'aa, hiyo ni nyumba ya nani?"
Wakapatana: sebuleni ing'ae, wageni waone;
kutoka kitandani hadi mlango wa nyuma isuguliwe mchanga.
Waya wa redio ukapandishwa ukutani.
Patipati zilizolika visigino akapewa mbwa azitafune.
Tochi ikafungwa kwa uzi kwenye mguu wa kitanda,
kama mbuzi.
Nami nilituma vipande vya tairi kuukuu
vigongomewe kwenye kidaraja cha kwenda chooni,
tairi la lori lililowahi kufika Busia na kurudi
bila kuteleza.

Sasa kamba.
Fundo la kwanza: kimo cha kiganja chake
akisimama kando ya kitanda.
La pili: kimo cha kiganja hichohicho
akiwa na mguu mmoja juu ya kidaraja.
La tatu liko shubiri mbili tu kutoka sakafuni.

Nikamwita Akeyo. Hapa umekosea, nikasema.
Nani hushika bomba lililo chini ya goti?

"Si mimi niliyelifunga. Kalifunga mwenyewe,
ameketi chini, mgongo ukutani.
Akasema: Fundi ananifikiria nikisimama tu.
Mwambie anifikirie na nikiwa chini.
Usiku ule niliupapasa ukuta wote,
ukuta haukuwa na mkono."

Niliikunja kamba. Nikaikunjua tena.
Mteja wa geti alikuja, akasimama, akaenda zake.

Nikachomelea mabomba matatu,
nikayapiga msasa kila kiungo
kwa ulimi wa kidole, mara nne, mara tano,
kwa kuwa ngozi ya umri ule huchanika kama ganda la kitunguu.

Jumapili tukaenda.
Akeyo akaingia na drili, mimi nikabaki na kalenda.
Kelele ya chuma na tofali nyuma ya pazia,
nami nikipaza sauti kama kocha wa timu inayofungwa:
Si hapo, hapo ni udongo! Tafuta tofali!

Kisha drili ikanyamaza.

Nikasikia pete yake ikigonga bomba la kwanza.
Kimya. Patipati mpya. Bomba la pili.
Kimya kirefu, na mkwaruzo wa nguo ukishuka, ukishuka.
"Mama, usi—"
"Niache."

Ngo.
Karibu na sakafu.

Nikasikia pumzi, moja, mbili, nikazihesabu hadi kumi na moja,
huku nimejishika kiti kwa mikono yote miwili
na uji umepata utando juu,
halafu pazia likatikisika kwenye kimo cha bega la mtu.