Moshi Katika Joho

Walimwita barazani siku ya tatu baada ya theluji kuyeyuka,
kaka yangu Zotiko, karani wa mfereji,
ajuaye kila bomba la risasi la mji huu
kama mama ajuavyo meno ya mwanawe.
Hakuomba cheo. Baba alikuwa diwani, akafa,
na kiti cha diwani, huku Frigia,
hurithiwa kama kibyongo.

Alirudi jioni. Hakula.
Akavua joho, akalitundika msumarini,
nami nilipopita na taa nikasikia harufu
ya ubani.

Sikuuliza.
Kuna maswali ukishayatema
huwezi kuyameza tena.

Nakijua kilichomo barazani: meza ya mawe, chetezo,
sanamu ya Kaisari iliyovunjika pua
(waliibandika kwa nta, kila kiangazi inainama),
na Menekrate, mwandishi wa baraza,
aliyejifunza herufi na kaka yangu kwenye kibao kimoja.
Huenda alisema: "Chembe tu, ndogo kuliko yai la chawa.
Nani anaamini? Wadhani mimi naamini?
Ni adabu, kama kusimama mkubwa akiingia."
Au huenda alimwonea huruma, akaitupa yeye mwenyewe,
akanong'ona: simama hapa, karibu na moshi, yatosha.

Palipo moshi hapakosi moto.
Sawa. Lakini mkono ulikuwa wa nani?

Siku ya Bwana tulikutana nyuma ya karakana ya Trofime,
kati ya mapipa ya rangi, vidole vya wote vikinuka kondoo.
Tulimtaja Kaisari kama kila juma:
apate usingizi, majeshi matulivu, washauri wasio waongo.
Tunamwombea. Hatumwombi.
Tofauti ni silabi moja,
na kwa silabi hiyo watu wanane wa mji wa jirani
hawajarudi nyumbani tangu mavuno.

Kisha mzee Karikle akakohoa.
"Mji huu si wetu. Sisi wapangaji,
na mpangaji hapaki chokaa nyumba ya mwenyewe."
Trofime, mikono ya zambarau hadi viwikoni:
"Paa likivuja, mpangaji halowi?"
Kijana Glikoni akasimama, sauti ikimpasuka:
diwani hulipia michezo, na katika michezo
watu hutupiwa chui; mkono uliolipa
utapokeaje mkate?
Hapo hakuna aliyejibu upesi.
Hata Trofime alikoroga pipa ambalo halikuhitaji kukorogwa.
Mwishowe akasema, kwa sauti ya chini,
"Mwaka wa kiu, Hermoje alipokuwa karani,
maji yalikwenda kwenye mabafu ya wenye nacho.
Nilizika wawili. Jirani yangu, mtu wa Artemi, alizika watatu.
Tulichimba pamoja, kwa jembe moja."

Zotiko alikaa mlangoni, bila joho, akitetemeka.
Watu walipompa amani
niliona wengine wakivuta pumzi puani.

Leo nimelipeleka joho kwenye chemchemi ya simba,
nimelikanyaga kwa majivu na udongo wa dobi
mpaka nyayo zikafa ganzi.
Yule jirani alikuwepo. Husema sisi ndio tunaoleta ukame.
Aliniangalia, akaniangalia,
akanisogezea mzizi wake wa sabuni
bila kuacha kununa.
Maji yalitoka kinywani mwa simba, baridi ya mlimani,
yakishuka mteremko alioupima kaka yangu,
kidole kimoja kila hatua mia,
wala hayakubagua ndoo.

Limekauka. Nimelinusa kwapani, nimelinusa pindoni.
Mara nasikia majivu tu,
mara nasikia.

Kesho kuna kikao: bomba la mtaa wa wachinjaji limepasuka.
Nimelikunja, nikaliweka kwenye benchi la mlangoni,
na kando yake lile kuukuu lenye kiraka begani,
la siku alipokuwa karani tu.
Nimezima taa.
Yu macho; namsikia akihesabu vidole na hatua.
Atachagua gizani.